Tangi halisemi "zima"

Mafunzo mengi ya redio za Arduino, zile bodi ndogo unazoziandikia programu mwenyewe, huanza na kitufe na taa. Bonyeza huku, taa inawaka kule. Bonyeza tena, inazimika. Mwisho wa somo unaambiwa toa taa, weka rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), na hapo umeshapata rimoti ya pampu. Mimi nina ugomvi na hiyo hatua ya mwisho. Taa ikikosa ujumbe wa "zima" hakuna linaloharibika. Pampu ikiukosa, maji yanamwagika usiku kucha, kisima kinakauka, na mota inayozunguka bila maji haichukui muda kuungua.

Nayasema haya kwa sababu ya kazi niliyofanya Lushoto, kwa mzee mmoja anayelima mboga kwenye mteremko. Kisima na pampu viko bondeni. Tangi la lita 5,000 liko juu, umbali wa kama mita mia nne, na katikati kuna migomba, mikaratusi na bega la mlima, kwa hiyo aliye chini hamwoni aliye juu. Utaratibu wao wa siku zote ulikuwa kubipu. Mjukuu anapanda, anakaa kwenye mfuniko wa tangi, maji yakikaribia mdomo anaibipu simu ya babu yake, babu anashusha swichi. Bipu moja, maana moja, na hakuna anayepokea, basi hata vocha hailiwi. Nani atasema huo si ustadi? Wahandisi wanaita hicho ujumbe wa biti moja.

Tatizo liko kwenye kimya. Simu ya mjukuu ikiisha chaji, mtandao ukiyumba bondeni, au mtoto akiitwa na wenzake kwenye mpira, babu hapati bipu, na asipopata bipu pampu inaendelea. Kwao kimya kilimaanisha "bado". Ukiondoa simu na mtoto, ukaweka Arduino mbili zenye ujumbe wa "washa" na "zima", umebadilisha vyombo tu. Kimya bado kinamaanisha "endelea".

Kwa hiyo niligeuza maana. Tangi haliiambii pampu "zima" hata siku moja. Kila dakika linaipa ruhusa ya kusukuma, na ruhusa hiyo inadumu dakika tatu. Ikija nyingine, dakika tatu zinaanza upya. Isipokuja, pampu inasimama yenyewe. Betri ya juu ikifa, tawi likikata antena, panya wakitafuna nyaya, matokeo ni yale yale: hakuna ruhusa, hakuna maji. Ili pampu isimame bila sababu lazima jumbe mbili au tatu mfululizo zipotee, na hata zikipotea hasara ni mtu kusubiri kidogo.

Dakika tatu sikuzichagua kwa kukisia. Pampu ile inapandisha lita 40 hivi kwa dakika. Balaa kubwa kuliko yote ni tangi kutoa ruhusa na redio kufa papo hapo. Pampu itasukuma lita 120 zaidi ndipo ikate. Tangi lina kipenyo cha mita 1.8, kwa hiyo lita 120 ni karibu sentimita 5 za kimo. Alama ya "limejaa" nikaiweka sentimita 10 chini ya bomba la kumwagia, na hesabu ikaisha hapo. Nafasi ya makosa iko ndani ya tangi lenyewe, haihitaji programu yenye akili.

Sasa vyombo. Juu kuna Arduino Pro Mini ya volti 3.3, sensa ya JSN-SR04T inayopima maji kwa mwangwi, betri ya lithiamu na paneli ndogo ya sola. Chini kuna Pro Mini nyingine, rilei, na kontakta, yaani swichi kubwa inayobeba umeme wa pampu. Redio kwa pande zote ni Ra-01, moduli yenye chipu ya SX1278 ya kampuni ya Semtech, na inazungumza kwa LoRa, namna ya kutuma jumbe fupi mbali kwa nguvu ndogo. Teknolojia hiyo ilitoka kwa kampuni ndogo ya Grenoble, Ufaransa, iliyoitwa Cycleo, ambayo Semtech waliinunua mwaka 2012. Badala ya kukaa kwenye masafa mamoja, kila alama ya ujumbe ni mlio unaoteleza kutoka upande mmoja wa chaneli hadi mwingine, na mpokeaji anatafuta umbo la huo mtelezo. Ndiyo maana anaweza kuokota ujumbe ulio dhaifu kuliko kelele zilizomzunguka. Kwa mpangilio wa SF9 (SF ikipanda, mtelezo unaenda polepole na ujumbe unafika mbali zaidi) anavumilia mpaka desibeli 12.5 chini ya kelele. Zile redio za nRF24L01 za gigahezi 2.4 nazipenda sana ndani ya nyumba, lakini uziweke kati ya migomba yenye majani mabichi uone zitakavyokuchelewesha.

Ra-01 ina jambo la kukera ambalo picha za mtandaoni haziambii. Miguu yake imepangwa kwa milimita 2, na bredibodi, ubao wa majaribio, ina matundu ya milimita 2.54. Hazikai pamoja kwa namna yoyote. Mimi huchukua nyaya nyembamba za ndani ya kebo ya mtandao, nazikata fupi, nazipaka risasi kwanza kwenye ncha, kisha naziunga moja moja pembeni mwa moduli huku nimeishika kwa kibanio cha nguo. Mwisho naunga antena: waya wa shaba ulionyooka, sentimita 17.3, ambayo ni robo ya urefu wa wimbi kwa masafa haya. Ukikata 17 haitakataa kazi, ila usije ukawasha redio kutuma kabla antena haijaunganishwa. Nguvu isiyo na pa kutokea inarudi kwenye chipu.

Na umeme. SX1278 ni ya volti 3.3, na pini zake hazitaki volti 5 za Arduino Uno au Nano, ndiyo sababu ya kuchagua Pro Mini ya 3.3. Kuna vijana wanaotumia Nano kwa kuilisha redio kutoka pini ya 3V3, wakaniletea malalamiko kwamba "inapokea vizuri, ikianza kutuma inaganda". Kupokea kunakula miliampia kumi na kitu. Kutuma kwa dBm 17 (dBm ni kipimo cha nguvu ya kutuma), ambayo ndiyo laibrari ya LoRa inaweka usipoigusa, kunafika karibu miliampia 90. Pini ya 3V3 ya Nano ya asili imepangiwa 50. Hapo hakuna kosa la programu la kutafuta.

Programu yenyewe ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Laibrari ya LoRa ya Sandeep Mistry inakupa karibu kila kitu: unaanzisha kwa LoRa.begin, unafungua ujumbe kwa beginPacket, unaandika baiti kwa write, unafunga kwa endPacket. Upande wa pili unauliza parsePacket kama kuna kilichofika. Vitu vitatu tu nabadilisha kabla ya kuendelea. Kwanza masafa. Mifano mingi ya Ra-01 huandika 433E6, yaani megahezi 433 kamili, wakati bendi ambayo vifaa vidogo vya namna hii hutengenezewa inaanzia 433.05 na kuishia 434.79. Chaneli yenye upana wa kilohezi 125 iliyokaa kwenye 433.0 inakuwa nje ya mstari. Weka 433.5E6. Masharti ya vifaa vya masafa mafupi yako TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, yasome kabla hujapandisha antena, na usipandishe nguvu kwa sababu tu namba kubwa ipo. Pili, washa enableCrc, ukaguzi wa CRC unaogundua baiti zilizoharibika, kwa sababu laibrari hii inaanza ikiwa imezima ukaguzi huo, na ujumbe uliochubuka njiani utaupokea kama mzima. Tatu, setSyncWord, alama ya mwanzo wa ujumbe inayotenganisha redio zako na za wengine; ya kawaida ni 0x12, na jirani yeyote aliyenakili mfano ule ule anayo. Ukibadilisha, redio yako haisumbuliwi na zake. Lakini hiyo siyo kufuli. Nitarudi huko.

Sehemu inayonichukua muda ni karatasi na kalamu: nini hasa kiingie kwenye ujumbe. Wanaoanza hutuma sentensi. "Tangi la juu lina maji asilimia 63, betri volti 3.91." Inapendeza kwenye skrini, ila ukiacha nukta ya mwisho ni herufi 52, na kwa SF9 inakaa hewani milisekunde 329. Habari ile ile nikiipanga kwa baiti 8 inakaa milisekunde 124: baiti moja ya aina ya ujumbe, moja ya namba ya mtumaji, mbili za hesabu ya mfululizo, mbili za umbali wa maji kutoka kwenye sensa kwa milimita, mbili za betri kwa milivolti. Hewani ndiko betri inakoliwa, na hewani ndiko jumbe zinagongana. Ukihamia SF12 ukitafuta umbali zaidi, baiti zile 8 zinachukua karibu sekunde nzima. Ukishuka SF7 ni milisekunde 36. Kwa mita mia nne zenye miti nilibaki SF9, na sijaona haja ya kuigusa hata siku za mvua, ingawa nguvu ya mawimbi hushuka majani yakiloa.

Angalia pia kwamba natuma umbali wa maji, siyo asilimia. Asilimia inategemea kimo cha tangi, na tangi hubadilishwa. Hesabu hiyo ifanyike chini, ambako naweza kukaa na laptopu kivulini. Kule juu kuna ngazi moja na siafu.

Baiti naziandika moja moja kwa mkono, kubwa kwanza ndogo baadaye. Njia ya mkato ni kutuma struct nzima, yaani fungu la namba kama lilivyokaa kwenye kumbukumbu, na kati ya Pro Mini na Pro Mini itafanya kazi. Siku ukibadilisha upande mmoja ukaweka bodi ya aina nyingine, ESP32, ndipo utashangaa: int ya Pro Mini ni baiti mbili, ya ESP32 ni nne, na ESP32 huacha nafasi tupu katikati ya struct ili namba zikae sawa kwenye kumbukumbu. Ujumbe utafika mzima, CRC itasema safi, na tangi litakuambia lina maji ya kilomita kadhaa.

Mzee alikuwa amekaa kwenye ndoo anatazama nikifunga boksi la chini. Nikamweleza habari ya ruhusa ya dakika tatu. Akanyamaza kidogo.

"Sasa fundi, hicho kidude cha juu kikifa?"

"Kikifa, mzee, pampu inasimama yenyewe. Usiwe na wasiwasi."

"Hilo nimelielewa. Nauliza, mimi nitajuaje kwamba imesimama kwa kujaa na siyo kwa kufa? Maana nitakaa hapa nikijua tangi limejaa, kumbe kabichi zinakauka."

Hilo ndilo swali bora nililoulizwa kwenye kazi hii, na lilibadilisha mpango. Tangi lililojaa na tangi lililokufa, yote mawili yalikuwa kimya, na mtu wa chini hana namna ya kuyatofautisha. Kwa hiyo sasa tangi likijaa halinyamazi kabisa. Linaendelea kutuma kila baada ya dakika kumi, aina nyingine ya ujumbe inayosema "niko hai, sitoi ruhusa". Boksi la chini lina taa tatu. Kijani, ruhusa ipo na pampu inasukuma. Njano, tangi linasikika lakini halitaki maji. Nyekundu, nusu saa imepita bila neno lolote kutoka juu. Mjukuu anapanda mlima kwa nyekundu tu. Ila betri ikishuka chini ya volti 3.5 taa ya njano inapepesa, ili mtu apande kufuta vumbi kwenye paneli kabla mambo hayajafika kwenye nyekundu.

Upande wa pampu roho ya programu ni mstari mmoja:

if (millis() - ruhusaYaMwisho > 180000UL) zimaPampu();

Ni kutoa kwa namba zisizo na hasi, kwa hiyo hata saa ya millis, inayohesabu milisekunde tangu Arduino iwake, ikirudi sifuri baada ya siku 49 na kitu, jibu linabaki sahihi. Lakini mstari huu peke yake una shimo. Umeme wa gridi hukatika na kurudi. Unaporudi, Arduino inaamka, millis inaanza sifuri, na ruhusaYaMwisho nayo ni sifuri. Toa sifuri kwenye sifuri: dakika tatu hazijapita. Programu itaamini imepewa ruhusa sasa hivi na kuwasha pampu, hata kama tangi limejaa pomoni. Dawa yake ni alama ya pili, ninaRuhusa, inayoanza na false (hapana) na kugeuka true (ndiyo) pale tu ujumbe halali unapofika. Ukijenga kitu kama hiki, kijaribu kwa kukata na kurudisha umeme ukiwa umezima redio ya juu. Pampu ikinguruma, hujamaliza.

Jambo jingine la huku chini ni kontakta. Koili yake ikiachiwa inarusha mpigo wa volti unaoweza kuizimisha Arduino au kuiwasha upya. Ile kapasita na rizista zinazofungwa sambamba na koili siyo mapambo. Na waya wa antena uondoe karibu na nyaya za mota, utoe nje ya boksi la chuma, la sivyo umeifungia redio kwenye sufuria.

Sasa ule usalama. LoRa inayotumwa hivi ni kama kuongea kwa sauti sokoni. Mwenye moduli kama yangu akikaa upande wa pili wa bonde anaweza kusikiliza, kunakili baiti zinazosema "ruhusa", na kuzirudisha hewani saa nane za usiku. Sikatai kwamba wezi wa Lushoto wana shughuli nyingine, lakini mtu akinilipa nimfungie kitu kinachowasha mota yenye umeme wa gridi, nafunga na mlango. Boksi zote mbili zina siri moja ya baiti 16 ambayo haitumwi kamwe. Mtumaji anachanganya ujumbe na siri hiyo, anapata muhuri, anaambatanisha baiti 4 za muhuri mwishoni. Mpokeaji anafanya hesabu ile ile. Mihuri isipolingana, anatupa. Natumia SipHash, ambayo ilibuniwa mahsusi kwa jumbe fupi na inaenea kwenye chipu ndogo bila taabu.

Muhuri unazuia kughushi, hauzuii kurudia. Kurudia kunazuiwa na ile hesabu ya mfululizo: pampu inakumbuka namba ya mwisho, na ujumbe wenye namba hiyo au ndogo zaidi haupokelewi. Baiti mbili hapo hazitoshi. Zinafika 65,535 kisha zinarudi sifuri, na kwa ujumbe mmoja kila dakika hiyo ni siku 45 hivi. Nikaiongeza iwe baiti nne, ambazo hazitaisha tukiwa hai. Ujumbe sasa ni baiti 14 pamoja na muhuri, milisekunde 165 hewani. Bei ya mlango ni milisekunde 41. Namba hiyo lazima iandikwe kwenye EEPROM, kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika, kwa sababu betri ya juu ikitolewa na hesabu ikaanza upya moja, pampu itakataa kila kitu. Ila EEPROM ya ATmega328P, chipu ya Pro Mini, imepewa uhai wa maandishi 100,000 kwa kila seli, na kuandika kila dakika kungeimaliza ndani ya siku 70 hivi. Kwa hiyo tangi linaandika mara moja kila jumbe mia, na likiamka linaruka mbele mia moja kutoka namba iliyohifadhiwa. Pampu haijali kurukwa, inajali kurudishwa nyuma.

Jirani wa mzee, mwenye tangi lake upande wa juu zaidi, amekuja kuona taa tatu na sasa anataka zake. Namba ya mtumaji ilikuwa inamsubiri: tangi la mzee ni 1, lake litakuwa 2, na siri yake itakuwa nyingine, ili ruhusa ya tangi moja isiwashe pampu ya nyumba ya pili. Chaneli watashirikiana. Milisekunde 165 kila dakika ni chini ya theluthi moja ya asilimia ya muda, kwa hiyo kugongana ni nadra, isipokuwa matangi mawili yakiamka pamoja kwa bahati na saa zao zikaenda sawa. Hapo yatagongana kila dakika kwa muda mrefu mpaka saa ziachane zenyewe. Nimeongeza kuchelewa kwa bahati nasibu, kati ya sifuri na sekunde tano, kabla ya kila kutuma. Mbegu ya random, yaani namba ya kuanzishia hiyo bahati nasibu, naichukua kwenye pini ya analogi iliyo wazi, na nachanganya na namba ya mtumaji, kwa sababu pini mbili zilizo wazi kwenye mabodi mawili ya aina moja zinaweza kusoma namba zinazofanana. Yake naifunga mvua zikipungua. Njia ya kwenda kwake kwa sasa ni tope tupu na pikipiki haipandi.